Chembe Zipo, Ulinzi Haupo: homoni za stresi na kinga ya mtu aliyeungua

Haya jamani, habari zenu. Naona manesi mmekaa mbele na madaktari wamejificha kule nyuma karibu na mlango, sawa tu, leo nitaongea zaidi na nyie wa mbele. Mada niliyopewa imeandikwa kwa maneno mazito lakini ndani yake kuna swali moja tu ambalo kila aliyefanya kazi wodi ya majeraha ya moto analijua. Mtu ameungua vibaya, amevuka siku zile za mwanzo, maji kapewa ya kutosha, mkojo unatoka, presha imetulia, ukipima damu chembe nyeupe zipo tena pengine zimezidi kiwango, afu wiki ya pili au ya tatu anaondoka kwa sababu ya bakteria ambaye mimi na wewe tunamgusa kila siku na hata hatujui. Sasa chembe zilikuwepo. Zilikuwa zinafanya nini?

Jibu la haraka tulilozoea ni kwamba ngozi imetoka, mlango uko wazi, bakteria wameingia. Ni kweli, ngozi ni ukuta na ukuta ukibomoka wadudu wanaingia, sina ubishi na hilo. Lakini hilo linaeleza wanavyoingia tu, halielezi kwa nini wakishaingia hawapigwi. Na hapo ndo homoni za stresi zinapokuja, manake hizi homoni zinafanya vitu viwili kwa seli za kinga: zinabadilisha tabia ya seli ambazo tayari ziko kazini, na pili, hii ndo wengi wetu hatukufundishwa darasani, zinaingia mpaka kwenye uboho wa mfupa zinabadilisha aina ya seli zinazozaliwa. Hilo la pili ndo limenileta hapa kwa kweli.

Tuanze na homoni zenyewe, nitapita haraka sababu mnazijua. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo ya adrenali, sehemu yake ya katikati inamwaga adrenalini, ganda lake la nje linatoa kotisoli. Noradrenalini kwa kiasi kikubwa inatoka kwenye ncha za neva, zile neva za simpathetiki ambazo huziamuru, zinafanya kazi zenyewe. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye akaandika barua fupi kwenye jarida la Nature, alikuwa amewatesa panya kwa namna mbalimbali, baridi, majeraha, sumu, mazoezi ya kupitiliza, na chochote alichowafanyia alikuta kitu kile kile akiwapasua: tezi za adrenali zimevimba, tumbo lina vidonda, na tezi ya thaimasi imesinyaa. Thaimasi ndo shule ya seli T, askari wa kinga, mnaelewa. Kwa hiyo uhusiano wa stresi na kinga haukugunduliwa juzi, ulikuwa unaonekana kwa macho makavu kwenye meza ya kupasulia panya karibu miaka 90 iliyopita, ila watu waliutazama kama kitu cha pembeni.

Sasa kuungua ni stresi ya aina yake. Ukichukua kiganja cha mgonjwa pamoja na vidole vyake hiyo ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Mtu mzima akiungua zaidi ya asilimia 20 kidonda kinaacha kuwa cha sehemu moja, mwili mzima unaingia kwenye jambo hilo. Mwaka 1974 Douglas Wilmore na wenzake walionyesha kwamba adrenalini na noradrenalini ndo zinaendesha ule uchomaji mkubwa wa nguvu mwilini baada ya kuungua, na kazi zilizofuata zimeonyesha viwango vinaweza kupanda mara kumi ya kawaida. Mgonjwa amelala, hajainua hata mkono, moyo wake unapiga kama wa mtu anayekimbia, na nguvu anayotumia kwa siku inaweza kukaribia mara mbili ya ile ya mtu aliyepumzika. Na haishi leo wala kesho! Kwa watoto walioungua vibaya homoni hizi zimepimwa na kukutwa bado ziko juu mpaka miaka mitatu baadaye, kidonda kimeshafunga zamani.

Hapo kwenye muda ndo penye tatizo lote kwa maoni yangu. Mfumo huu umetengenezwa kwa hatari ya dakika chache, unakimbia au unapigana, imeisha, unatulia. Hakuna sehemu kwenye mwili iliyopangwa kukaa na adrenalini ya mtu anayefukuzwa kwa miezi.

Haya tuingie kwenye seli. Dakika za kwanza adrenalini ikipanda, chembe nyeupe ambazo zilikuwa zimejibandika kwenye kuta za mishipa ya damu zinabanduka zinaingia kwenye mkondo, nyingine zinatoka kwenye bandama. Ukivuta damu saa hiyo hesabu imepanda sana na wala hakuna chembe mpya hata moja iliyozaliwa, ni zile zile zilikuwa zimejificha ukutani. Kotisoli nayo inafanya hivyo hivyo ila taratibu zaidi, na chembe nyeupe ziko za aina aina: nyutrofili, zile za kuwahi kupiga bakteria, zinaongezeka kwenye damu, limfosaiti zinapungua sababu nyingine zinahama na nyingine zinakufa kabisa, na iosinofili zinakaribia kupotea. Kwa hiyo wewe uliyeshika karatasi ya majibu ya maabara usiku wa kwanza, unaona chembe nyeupe 20,000 kwenye kila mikrolita, unaruka unasema maambukizi, ebu subiri kidogo. Angalia nyutrofili ni ngapi na limfosaiti ni ngapi, kama nyutrofili ziko juu sana na limfosaiti zimeanguka na mgonjwa ameungua saa sita zilizopita, karatasi hiyo inakusomea homoni kabla ya kukusomea bakteria. Siku ya kumi ni mazungumzo mengine, sisemi upuuze.

Sasa seli moja moja. Chukua makrofeji, ile seli kubwa inayomeza wadudu na kupiga kelele kuita wenzake. Kwenye ngozi yake ya nje ina vipokezi vya adrenalini, vinaitwa beta-2. Adrenalini au noradrenalini ikigusa pale, ndani ya seli inapanda kemikali moja inaitwa cAMP, na hiyo ikipanda makrofeji inapunguza kutengeneza TNF, ambayo ndo kelele yenyewe, halafu inaongeza IL-10 ambayo kazi yake ni kunyamazisha. Kotisoli yenyewe haigongi mlango, inapita kwenye utando mpaka ndani, inakutana na kipokezi chake kwenye maji ya seli, wanaingia pamoja kwenye kiini na kule wanazuia swichi moja kubwa ya uvimbe, yaani lile joto na wekundu wa kinga ikipigana, inayoitwa NF-kappa-B. Matokeo ni yale yale, kelele inashuka. Yaani homoni mbili, njia mbili tofauti kabisa, zinafika sehemu moja.

Usije ukafikiri mwili umekosea. Hii ni breki na breki ni muhimu. Kuna daktari wa Marekani, Kevin Tracey, mwaka 1985 akiwa bado kwenye mafunzo ya upasuaji New York alimhudumia mtoto mchanga aliyeungua kwa maji ya moto, mtoto akaendelea vizuri, kisha ghafla akaingia kwenye sepsisi, yaani mwitikio wa maambukizi unaovuruga mwili mzima, na akafa. Tracey akaenda maabara, na mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaonyesha kwamba TNF peke yake, bila bakteria yoyote, ukimpa mnyama inatosha kumwingiza kwenye shoki, presha inaanguka na viungo vinakosa damu. Baadaye kabisa, kuanzia miaka ya 2000, kundi lake likaeleza jinsi neva ya vagasi, ile ndefu inayotoka kwenye ubongo mpaka tumboni, inavyotuma ujumbe mpaka kwenye bandama kuzima TNF, na cha kushangaza ni kwamba ujumbe huo ukifika kwenye bandama unabebwa na neva inayotoa noradrenalini, inagusa seli T fulani, hizo ndo zinaiambia makrofeji inyamaze. Kwa hiyo noradrenalini tunayoilaumu hapa ni sehemu ya mtambo unaomwokoa mtu asiuawe na uvimbe wake mwenyewe.

Na kama bado una shaka kwamba breki inahitajika, kumbuka etomidate. Hii ni dawa ya usingizi, nzuri sana, haishushi presha, ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wakaipenda wakawa wanawalaza nayo wagonjwa wa ajali kwa dripu siku kadhaa. Mwaka 1983 Ledingham na Watt wa Glasgow wakaandika kwenye Lancet kwamba vifo vimepanda kwa wagonjwa waliolazwa na dawa hiyo. Ilikuja kujulikana kwamba etomidate inazuia kimeng'enya cha tezi ya adrenali, kotisoli haitengenezwi. Wagonjwa walikuwa wamenyang'anywa kotisoli katikati ya vita. Dripu za aina hiyo zikaachwa. Kwa hiyo anayekuja na wazo la kusema tuzime tu homoni zote za stresi, asome hiyo habari kwanza.

Shida basi ni breki iliyokwama ikiwa imekanyagwa. Kuna kipimo kinachoonyesha hili vizuri. Kwenye ngozi ya monosaiti, chembe nyeupe ambayo baadaye inakuwa makrofeji, kuna protini inaitwa HLA-DR, ndo sahani ambayo seli inaweka kipande cha bakteria ili kuwaonyesha seli T kwamba adui ni huyu. Kwa mgonjwa wa sepsisi na wa majeraha makubwa ya moto sahani hizi zinapungua, na zikibaki chini kwa siku nyingi bila kupanda ni ishara mbaya, maambukizi mapya yanamfuata. Monosaiti ipo, inahesabika, mashine ya maabara inaiona, ila haina cha kuonyesha na ukiichokoza na sumu ya bakteria haitoi TNF ya maana. Mwaka 1997 watafiti wa Ujerumani waliwapa wagonjwa wachache wa sepsisi wa aina hii interferoni gama, protini inayoamsha seli za kinga, sahani zikarudi na seli zikaanza tena kutoa TNF, yaani hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimezimwa. Kotisoli na adrenalini si sababu pekee ya kuzimwa huku, IL-10 ipo na mengine yapo, lakini zote mbili zinasukuma upande huo huo.

Zamani tulikuwa tunachora ubaoni mchoro mzuri, kwanza uvimbe unapanda, halafu unashuka, halafu kinga inadhoofika, kama vile vina zamu. Mwaka 2011 ukaja utafiti mkubwa wa Marekani uliosoma jeni za chembe nyeupe za watu walioumia vibaya na walioungua, wakakuta zaidi ya asilimia 80 ya jeni zimebadilisha mwendo, na zile za kuwasha uvimbe na zile za kuzima kinga zimebadilika kwa wakati mmoja, tangu mwanzo. Hakuna zamu. Mimi ule mchoro nimeacha kuuchora. Nikiona mwanafunzi anauchora kwenye mtihani simnyimi maksi ila roho inaniuma.

Haya, sasa uboho. Hapa naomba mniache niende polepole.

Uboho una neva. Zile zile za simpathetiki zinaingia kwenye mfupa pamoja na mishipa ya damu na ncha zake zinamwaga noradrenalini pembeni kabisa ya seli mama, zile zinazozaa damu yote. Wala homoni haihitaji kusafiri kwenye damu, imewekwa mlangoni. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, wakina Gamelli, Shankar na Jones, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 wakajiuliza swali: noradrenalini hii ikimwagwa kwa wingi baada ya kuungua, seli mama zinaitikiaje? Wakachukua panya, wakawaunguza mgongoni wakiwa chini ya ganzi, kama asilimia 15 ya mwili, na kwenye kidonda wakapaka bakteria, Pseudomonas aeruginosa, yule yule anayetusumbua wodini mwenye rangi ya kijani na harufu yake ambayo ukishainusa huisahau. Panya wengine walichomwa kwanza dawa inayoharibu ncha za neva za simpathetiki ili wabaki bila noradrenalini ya kutosha.

Walichokuta ni hiki. Seli mama ya damu ikifika njia panda inaweza kwenda kuwa nyutrofili au kuwa monosaiti, na monosaiti ndo baadaye inakuwa makrofeji. Panya aliyeungua na kuambukizwa, uboho wake uliegemea upande wa monosaiti, nyutrofili zikapungua kuzaliwa, na hiyo ni wakati damu yake imejaa ile homoni inayoamuru nyutrofili zizaliwe, G-CSF, yaani amri ipo na uboho hauitii. Panya waliopunguziwa noradrenalini hali hiyo ikapungua. Na makrofeji waliotokana na uboho wa panya aliyeungua hawakuwa sawa na makrofeji wa panya mzima, tabia yao ilitofautiana, na noradrenalini ilikuwa na mkono kwenye tofauti hiyo. Mnaona uzito wake? Nyutrofili inaishi muda mfupi sana kwenye damu, ni masaa au siku chache tu. Kwa hiyo nyutrofili zilizokuwepo siku mtu anaungua zilishakufa zote kufikia wiki ya pili. Zinazopambana wiki ya pili zimezaliwa baada ya moto, kwenye uboho uliokuwa unamwagiwa noradrenalini usiku na mchana. Ndo manake nasema chembe zipo lakini si zile.

Kundi hilo hilo likaonyesha kingine ambacho manesi mtakipenda. Njia panda ile ile ina barabara ya tatu, ya chembe nyekundu. Uboho ukivutwa kwenda upande wa monosaiti, chembe nyekundu nazo zinakosa watoto. Mgonjwa wa moto tunamwongezea damu, inashuka, tunamwongezea tena, inashuka, tunasema ni upasuaji, ni kuvuta damu za vipimo kila siku, na kweli navyo vimo, ila sehemu ya jibu iko kwenye uboho uliohamishiwa kazi nyingine.

Nisisitize, hizi za uboho nyingi ni kazi za panya, na panya si mtu mdogo mwenye mkia. Lakini zinaendana na tunachokiona kitandani kuliko maelezo mengine yoyote niliyowahi kusoma.

Sasa weka bakteria juu ya yote haya. Bakteria nao si mabubu. Mwaka 1992 Mark Lyte na mwenzake walionyesha kwamba ukiweka noradrenalini kwenye chombo chenye bakteria fulani wa gramu hasi, kundi moja kubwa la bakteria, wanakua kwa kasi zaidi. Na mwaka 2006 ikaonyeshwa kwamba E. coli wa aina inayoleta ugonjwa ana kipokezi chake kinachosoma adrenalini na noradrenalini yetu na kinamsaidia kuwasha silaha zake. Yaani ile homoni inayoilaza makrofeji, kwa bakteria ni kama taarifa kwamba mwenye nyumba amechoka. Nikisoma vitu kama hivi huwa nafunga kitabu kidogo nikatembee.

Na kuna jambo lingine linaloleta mjadala mkali kwenye ICU: mgonjwa akishaingia shoki ya sepsisi sisi wenyewe tunamtundikia noradrenalini ya dripu, ili presha ya wastani ifike 65. Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, mwaka 2020 walitoa kazi ambapo watu wazima wenye afya waliojitolea walichomwa sumu ya bakteria kidogo huku wakipewa noradrenalini, na mwitikio wao ukaegemea upande wa kunyamaza, IL-10 ikapanda. Tafadhali mtu asitoke hapa akaenda kuzima dripu ya noradrenalini! Presha ikianguka mgonjwa anakufa leo, hiyo kinga ya wiki ijayo hataihitaji. Ninachosema ni kwamba dozi ishushwe mara presha inaporuhusu, isiachwe inakwenda tu kwa kuwa kila mtu anaogopa kuigusa zamu ya usiku.

Mtaniuliza, kwa hiyo tuzibe vipokezi? Imejaribiwa. Mwaka 2001 Herndon na wenzake wa Galveston, Texas, waliwapa watoto walioungua propranololi, dawa ya zamani ya moyo, kwa dozi ya kushusha mapigo kwa asilimia 20 hivi, na misuli ya watoto hao ikaacha kuyeyuka, nguvu waliyokuwa wanachoma ikashuka. Hiyo ni habari njema na ndo maana dawa hiyo inatumika kwenye vituo vingi vya majeraha ya moto. Lakini angalia, mtoto aliyeungua ambaye presha yake imetulia si sawa na mtu mzima aliye kwenye shoki. Uingereza walijaribu dawa ya jamii hiyo, landiololi, kwa wagonjwa wa shoki ya sepsisi wenye mapigo ya kasi, utafiti ukasimamishwa kabla ya muda kwa sababu dalili zilielekea kwenye madhara, majibu yakatoka 2023. Dawa za jamii moja, wazo moja, wagonjwa wawili tofauti.

Kotisoli nayo ina historia kama hiyo. Mwaka 1987 ilionekana kwamba steroidi, yaani dawa za jamii ya kotisoli, za dozi kubwa mno kwenye sepsisi hazisaidii. Watu wakaziacha. Zikarudi kwa dozi ndogo, haidrokotisoni, ambayo ndo kotisoli yenyewe kama dawa, miligramu 200 kwa siku, na mwaka 2018 tafiti mbili kubwa zikatoka mwezi mmoja, moja ikasema vifo havijapungua ila shoki inaisha haraka, ya pili, ambayo iliongeza na dawa nyingine ya jamii hiyo, ikasema vifo vimeshuka kutoka asilimia 49 kwenda 43. Kisha ikaja Kovidi, na utafiti wa RECOVERY wa mwaka 2020 ukatupa somo zuri kuliko yote: deksamethasoni, steroidi nyingine, ilipunguza vifo kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, kutoka asilimia 41 mpaka 29, ilisaidia pia waliokuwa kwenye oksijeni, lakini kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikusaidia kitu na namba zilielekea upande usiofaa. Ugonjwa ule ule. Kilichotofautiana ni kinga ya mtu iko hatua gani siku unapompa. Kwa mgonjwa wa moto bado hatuna kipimo cha kitandani cha kutuambia hilo kwa uhakika, HLA-DR ndo iko karibu zaidi lakini maabara nyingi hazina mashine yake.

Ndo maana nilisema naongea na wa mbele. Kabla ya kuziba kipokezi chochote, kuna kupunguza kinachosababisha homoni imwagwe, na hiyo kazi kubwa inafanyika kwa mikono yenu. Nyama iliyokufa ikiendelea kukaa kwenye kidonda ni king'ora kisichozimwa. Zora Janžekovič, daktari wa upasuaji wa Maribor, Slovenia, mwaka 1970 aliandika jinsi ya kukwangua ngozi iliyoungua tabaka kwa tabaka siku za mwanzo mpaka ufike kwenye nyama inayotoka damu, halafu unapandikiza ngozi papo hapo, badala ya kusubiri wiki tatu ijitoe yenyewe ikiwa imeoza. Watu walimshangaa. Leo ndo kawaida, na sababu moja ni hiyo, kidonda kikifungwa mapema homoni zinapata ruhusa ya kushuka.

Joto la chumba pia. Mgonjwa wa moto anapoteza maji na joto kupitia kidonda, mwili wake umejipangia joto la juu kuliko lako, kwa hiyo chumba ambacho wewe unaona kiko poa yeye ni baridi na baridi kwake ni adrenalini. Chumba kikipandishwa mpaka nyuzi joto 33 hivi, nguvu anayochoma inashuka sana, hiyo imepimwa. Ndiyo, mtatoka jasho ndani ya gauni, najua, mtaninung'unikia.

Na maumivu. Kubadilisha bandeji ya mtu aliyeungua asilimia 40 bila dawa ya maumivu ya kutosha ni kumchoma sindano ya adrenalini kwa njia nyingine, tena kila siku, na mgonjwa akishajua saa nne ndo saa ya bandeji basi saa mbili moyo umeshaanza kukimbia. Dawa ipewe mapema ifike kilele wakati bandeji inafunguliwa, isipewe mlangoni. Ukitaka kujua ulimpa ya kutosha, andika mapigo kabla na mapigo wakati wa kufungua, uyaweke kwenye faili, daktari akipita ayaone kwa macho yake. Chakula kianze masaa ya mwanzo kwa mrija kama hawezi kumeza. Usingizi nao, taa za usiku na kelele za mashine zisizo na sababu, hayo yote mnayajua kuliko mimi.

Nimeona mkono umenyooshwa pale. Umeuliza kama mgonjwa akitoka hospitali kidonda kimefunga ndo yameisha. Hapana, hayajaisha. Nilisema homoni zinaweza kukaa juu miaka, na kule Galveston watoto waliendelea na propranololi kwa mwaka mzima tangu kuungua kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo akija kliniki kuangaliwa kovu, pima na mapigo yake akiwa amekaa ametulia, mpime uzito, muulize kuhusu homa na vidonda vidogo vinavyochelewa kupona, na familia iambiwe kwamba homa ya mtu aliyeungua vibaya miezi sita iliyopita haikai nyumbani kusubiri ipite, inaletwa siku hiyo hiyo. Aliyenyoosha mkono wa pili, karibu, uliza.